Anuani Kumi na Moja za Mgonjwa Asiye na Jina

Jumapili moja ya mwezi wa nne, mwaka elfu mbili na tatu, mvua ikiwa imeikalia Kyela tangu alfajiri, mzee mmoja mrefu alishuka kwenye basi pale stendi ili anyooshe miguu. Alipiga hatua tano hivi, akashika kichwa, akaanguka kifudifudi kwenye dimbwi. Watu walipomzunguka na kumgeuza, basi lilikuwa limeshaondoka kuelekea Mbeya pamoja na mizigo yake. Hakuna aliyemjua. Walimpakia kwenye pikapu iliyokuwa imeshusha mpunga, wakamfikisha hospitali ya wilaya akiwa hai, mdomo umepinda upande mmoja, macho yakiangaza huku na huku.

Aliyempokea alikuwa Kisa, muuguzi wa miaka ishirini na minne, binti wa wakulima wa kokoa wa Ndandalo, ambaye alikuwa na mwaka mmoja tu kazini. Daktari alisema ni kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi na sauti ilikuwa imekatika kabisa. Mifukoni hakukuwa na pasi wala kitambulisho. Kulikuwa na sindano za cherehani zilizofungwa kwenye nailoni, bisibisi fupi, na kidaftari kilicholowa chapachapa.

"Fundi cherehani huyu," Kisa alimwambia daktari.

"Fundi wa wapi?"

Hilo hakuna aliyelijua. Jumatatu polisi walitoa tangazo redioni, na Kisa akajaribu namba mbili tatu za simu zilizosomeka kwenye kidaftari. Zilikuwa simu za mezani za ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, na zote hazikuita. Kurasa zilizobaki zilikuwa zimegandana kama ugali wa jana.

Kilichomsumbua Kisa zaidi kilikuwa chakula. Wodi ile, kama wodi nyingine, mgonjwa hulishwa na ndugu zake. Asubuhi akina mama huingia na vyombo vyao vilivyofunikwa kwa vitambaa, na kila mmoja huenda kitandani kwa mtu wake. Kitanda cha mzee hakikuendewa na mtu. Kisa alimletea uji wa mchele kutoka kwake, na mama wa kitanda cha jirani akamkatia ndizi. Siku ya kwanza alimeza. Siku ya pili alimeza vijiko vitatu. Jumanne asubuhi alifunga mdomo, akageuzia uso dirishani, na machozi yakamtiririka mpaka sikioni.

"Dawa tulizonazo tumempa," daktari alisema polepole walipotoka nje. "Sasa anahitaji sura anayoijua."

Ndipo Kisa, akikifungua kidaftari kwa ncha ya kucha, alipoona katikati ya ukurasa ile herufi a yenye mkia inayoizunguka, alama ya anuani za barua pepe. Alipomaliza zamu yake alikifunga kwenye kitambaa, akaenda mtaa wa Mbugani.

Mbugani kulikuwa na duka la Hezroni, kijana aliyerudi kutoka Dar es Salaam na kompyuta mbili na laini moja ya simu, akaandika ukutani kwa rangi ya bluu kwamba hapo kuna intaneti. Wateja wake walikuwa wafanyabiashara wa mpakani, wanunuzi wa kokoa, na wanafunzi waliotaka kuona tu. Aliyekaa kwenye mashine hakuwa Hezroni mwenyewe. Alikuwa mama mmoja wa miaka hamsini na kitu, mnene kiasi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, jina lake Tupokigwe. Alikuwa karani wa simu za maandishi, yaani telegramu, kwa miaka kumi na tisa. Ofisi yake ilipofungwa na watu kupunguzwa, alirudi nyumbani akalima mpunga misimu kadhaa, kisha akaja kwa Hezroni akamwomba amfundishe mashine. Hezroni alisema atamjaribu wiki mbili. Ilikuwa sasa mwaka wa pili. Kisa alikuwa amesikia watu wakimlalamikia kwamba ni mzito, anamtaka mtu amtajie anuani mara tatu kabla hajaituma barua.

Kisa alimwamkia, akaeleza shida yake kwa haraka haraka, akaweka kidaftari mezani.

Mama Tupokigwe hakukigusa. "Anameza mate?" aliuliza.

"Mate anameza."

"Na ukimsemesha Kinyakyusa, anageuka?"

"Anageuka, mama. Na anaitikia kwa kichwa. Lakini anaitikia kila kitu. Nilimuuliza kama yeye ni Petro, akaitikia. Nikamuuliza kama ni Yohana, akaitikia."

Mama alitikisa kichwa kwa huruma. Ndipo alipokisogeza kidaftari kwake. Kisa alitarajia kwamba atakifungua, asome, na aanze kuandika, kwa sababu mashine ilikuwa inawaka na laini ilikuwepo. Badala yake mama alitoa kwenye mkoba wake sindano ya kufumia na rundo la karatasi laini za kukaushia wino, mabaki ya ofisini kwao. Aliachanisha kurasa moja moja kwa ile sindano, akapachika karatasi kati ya kila mbili, akaweka kamusi nzito juu.

"Njoo kesho asubuhi," alisema. "Leo tukikikurupukia tutachana hata kile kidogo kilichobaki."

Kisa aliondoka amenuna kidogo. Kesho yake hakuwa na zamu, akafika duka likifunguliwa. Umeme ulikuwa umekatika. Hezroni alikuwa mlangoni akiitazama barabara yenye matope.

"Mugonile, mama," Kisa aliamkia akiingia.

"Ugonile, mwanangu. Kaa hapa, unisaidie macho."

Kidaftari kilikuwa kimekauka. Ukurasa wenye anuani ulikuwa mmoja tu, na mzee alikuwa ameipigia kila anuani mstari chini yake, mwandiko wa mtu aliyezoea kupima kwa rula. Majina yaliyokuwa pembeni yalikuwa yameyeyuka yakawa madoa ya buluu. Waliinama pamoja, mama akitaja na Kisa akiandika kwenye daftari jipya, na hapo Kisa akaona kwa nini watu walimwita mzito. Mama hakutaja herufi bila kuipa mahali. "I ya Ipinda. K ya Kyela. U ya Usangu. P ya Pemba. A ya Arusha." Palipokuwa na shaka alisema "sijui", na akamtaka Kisa aandike alama ya kuuliza badala ya kukisia. Wino uliochujuka huzifanya r na n zilizokaribiana zifanane na m, na tarakimu ya moja ifanane na l. Walihesabu anuani kumi na moja.

"Umeme haupo," Kisa alisema. "Tunafanya nini?"

"Tunachuja kwa penseli. Anuani ina pande mbili. Kushoto kwa hii a yenye mkia ni mtu. Kulia ni jumba alimopanga chumba. Pasipo na mkia hakuna anuani. Ikiwa na nafasi katikati, au mkato mahali pa nukta, hata umeme ukiwepo mashine haitaipeleka popote."

Walipitia moja moja. Moja ilikuwa imebaki upande wa mtu tu, jumba limesombwa na maji, wakaiweka kando. Moja ilikuwa na mkato mahali pa nukta. Mama aliutazama kwa lenzi, akasema ni nukta iliyochuruzika. Nyingine ilikuwa na pengo kati ya maneno mawili, "ikupa" na "zeb", na kwa kuwa pengo haliruhusiwi, mama alisema fundi alipumzisha kalamu tu, akayaunganisha. Zikabaki kumi zenye sura nzuri.

"Basi hizi ni nzima," Kisa alisema.

"Zina sura nzuri. Uzima hatujauona."

Umeme ulirudi karibu na saa sita. Laini ya simu ililia, ikakoroma, ikashika. Mama hakuanza na barua. Alianza na majumba, akiandika jina la kila jumba peke yake kuona kama linafunguka. Mawili hayakufunguka hata kidogo, na moja kati ya hayo Hezroni alilikumbuka: kampuni ya uwakala wa mizigo iliyokuwa imekufa mwaka uliopita. Mama alieleza kwamba jumba laweza kukosa dirisha la mbele na bado likapokea barua kwa mlango wa nyuma, kwa hiyo alituma barua fupi ya majaribio kwa yote mawili. Zilirudi kabla Kisa hajamaliza kufuta miwani ya mama kwa pindo la kanga. Anuani zikabaki nane.

Ndipo walipotunga barua. Kisa alitaka iandikwe kila kitu, kwamba mzee amepooza na hali chakula. Mama alikataa.

"Hatujui anayeisoma ni nani. Ugonjwa wa mtu ni wake."

Wakaandika hivi, kwa Kiswahili na chini yake kwa Kiingereza: *Tuko Kyela. Tunatafuta ndugu wa fundi cherehani mmoja mrefu, mwenye umri kama miaka sitini, aliyepita hapa Jumapili. Ikiwa unamfahamu tafadhali tujibu leo. Ututajie jina lake na alama moja iliyo mwilini mwake.*

"Tuzitume zote nane kwa mara moja," Hezroni alisema, "dakika zinakwenda. Na zile zenye shaka, tuma kila namna unavyoweza kuzisoma. Moja itagonga."

Mama Tupokigwe alivua miwani. Hakupandisha sauti.

"Mwaka wa themanini na nne nilipokea simu ya maandishi. Ilisema: Ambrose amefariki, mje. Ilikuwa ya kwenda Ndobo. Mimi, kwa mkono wangu huu, niliandika Ndandalo. Ndandalo nako kulikuwa na mama mwenye mwana aitwaye Ambrose, yuko Mbeya kazini. Yule mama alinyoa nywele. Walimlilia siku tatu, ng'ombe akachinjwa. Siku ya nne Ambrose alishuka kwenye basi."

Hezroni alicheka kidogo, kama mtu anayesikia hadithi yenye mwisho mwema.

"Wa Ndandalo alishuka," mama alisema. "Wa Ndobo alizikwa mbali, na mama yake hakuwepo, kwa sababu karatasi yake ilikuwa kwenye nyumba ya mwingine. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinipa kiti, akanipa maji. Hakuniambia neno baya hata moja, mpaka leo." Alivaa miwani. "Anuani ya kukisia yaweza kuwa na mtu hai ndani yake. Tutatuma moja moja."

Kisa alijisikia uso ukimchoma, kwa kuwa yeye pia alikuwa amelaani uzito ule kimoyomoyo. Kuanzia hapo hakuhimiza tena.

Barua zikaenda moja moja. Dakika chache baadaye zikaanza kurudi, na jina la mrudishaji lilikuwa la ajabu, neno la Kiingereza, daemon, linalofanana mno na lile la pepo, kiasi kwamba kijana mmoja wa kwaya, Hezroni alisimulia, aliwahi kulikemea kwa jina la Yesu akaikimbia mashine.

Kisa alipoziona barua tano za namna hiyo zimepangana, moyo ulimshuka. "Zimekataliwa zote tano."

"Soma vizuri, mwanangu. Hazisemi kitu kimoja."

Mama alizifungua akamwonyesha kwa kidole. Tatu zilisema kwamba jumba lipo, lakini mpangaji wa jina hilo hayupo. Hizo ni za kufuta, na moja kati yake ilikuwa ile ya ikupa na zeb. Ya nne ilisema sanduku limejaa: maana yake mtu yupo, ila hajafungua siku nyingi. Ya tano ilisema jumba halikuitika kwa sasa na mashine itajaribu tena. Hiyo haikuwa kukataliwa hata kidogo, ilikuwa ni kusubirishwa. Akaandika maneno hayo mbele ya kila anuani, na saa.

"Na hizi tatu zilizonyamaza zimefika," Kisa alisema kwa matumaini.

"Twende polepole. Mbili kati ya hizo ziko jumba moja." Mama alitunga jina la mtu asiyeweza kuwepo duniani, herufi zilizokorogwa tu, akalitumia barua katika jumba hilohilo. Wakasubiri. Haikurudi. "Umeona? Jumba hili linapokea kila jina, hata la mtu ambaye hajazaliwa. Ukimya wake hauniambii kitu."

Kisha akafanya vilevile kwa jumba la ikupa na zeb. Barua ya jina la uongo ilirudi papo hapo. "Hili ni jumba la kweli," alisema kwa kuridhika, akaliandikia nyota pembeni. Kisa hakuelewa nyota ile ni ya nini, kwa vile mtu wa jumba hilo alikuwa ameshafutwa. Lakini alimtazama mama yule akiandika kwa mwandiko wa mviringo, kiti chake kikilia, miguu yake imetoka kwenye ndala kwa joto, akawaza kwamba hajawahi kuona mtu akifanya kazi ndogo namna hii kwa heshima kubwa namna hii.

Alhamisi Kisa alikuwa zamu ya asubuhi. Mzee hakula. Alipomshika mkono wa kushoto aliuona mwepesi kuliko jana.

Saa kumi, wakati wa kutazama wagonjwa, akina mama waliingia na vyombo vyao, na nyuma yao akaingia mama Tupokigwe na mwavuli, daftari kwapani. Alimvuta Kisa kando.

"Mmoja kati ya wale watatu walionyamaza amejibu. Mwalimu wa ushonaji, yuko Mbeya. Anasema anamjua, hutengeneza vyerehani vyake kila mwaka. Wao humwita fundi Zebe. Kwao hakujui, lakini anasema ana binti mwalimu."

"Zebe," Kisa alirudia. Kisha akaelewa. "Zeb."

"Ndiyo. Ile tuliyoifuta."

"Lakini ilirudi, mama. Uliniambia ikirudi hivyo ni ya kufuta."

"Niliitaja mimi kwa kinywa changu na ilirudi. Basi aliyekosea ni mimi, si mashine. Sasa nataka mwenye kuiandika aniambie."

Mama Tupokigwe alivuta kigoda akakaa kando ya kitanda, upande wa mkono mzima. Alimwamkia mzee kwa Kinyakyusa, akamwita tata, yaani baba, akajitambulisha, akaeleza ametoka wapi. Alizungumza kama mtu aliyekuja kwa mwenyeji wake. Macho ya mzee yalitulia juu yake. Hakumuuliza swali la ndiyo au hapana. Alifungua daftari mahali alipoandika anuani zote kumi na moja kwa herufi kubwa, mstari mmoja mmoja, akalishikilia mbele yake, akashusha kidole taratibu kutoka juu.

Kwenye mstari wa kwanza mzee aliitikia kwa kichwa. Wa pili aliitikia. Wa tatu hivyohivyo. Kisa aliona aibu kwa niaba yake. Kidole cha mama kilipofika wa saba, mzee hakuitikia. Alitoa sauti kooni, akainua mkono wake wa kushoto, akaukamata ukurasa.

Palikuwa pameandikwa *ikupazeb*.

Mzee aliweka ukucha katikati ya neno, kati ya a na z. Akabonyeza. Kisha akauvuta ukucha kando, chini kidogo ya herufi, kistari kifupi. Mzee akarudia, safari hii kwa nguvu hadi karatasi ikapata kovu. Kistari kifupi, chini, katikati.

"Ee, tata," mama alisema kwa sauti ndogo. "Palikuwa na kistari cha chini. Ulipoipigia anuani mstari, mstari mkubwa ukakimeza kile kidogo. Mimi nikadhani ni pengo."

Mzee alimwachia daftari, akaanguka kwenye mto akihema, na uso wake, hata ule upande uliolegea, ulikuwa kama wa mtu aliyetua gunia.

"Ikupa ni binti yako," Kisa alisema, na mara hii mzee alipoitikia, alimwamini.

Walikwenda Mbugani wote wawili chini ya mwavuli mmoja. Mama aliandika ikupa, akaweka kistari, akaandika zeb, akamwomba Kisa amsomee herufi kwa herufi mara tatu. I ya Ipinda, mpaka mwisho. Akatuma. Wakakaa mikono mapajani. Dakika tano. Kumi. Hezroni mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya viti vyao na hakutaja dakika. Robo saa.

"Haijarudi," Kisa alisema. "Lakini ukimya hauna maana."

"Ukimya wa jumba lile lingine hauna maana. Hili jana lilinirudishia jina la uongo papo hapo, na lile jina tulilolituma bila kistari likalirudisha vilevile. Hili likinyamaza, ni kwamba limempa mwenyewe." Akaigusa ile nyota kwa penseli. "Imefika, mwanangu. Iliyobaki ni yeye kufungua."

Ijumaa haikuleta kitu. Kisa alimwambia mzee kwamba barua imefika, inamsubiri Ikupa, na akasogeza kijiko. Mzee alikitazama kwa muda. Akafungua mdomo. Alimeza vijiko sita siku hiyo, na mama wa kitanda cha jirani akapiga kigelegele cha chinichini ambacho muuguzi mkuu alijifanya hakukisikia.

Jumamosi, kabla ya adhuhuri, Hezroni alifika hospitali kwa baiskeli, suruali imejaa matope hadi magotini, na karatasi ndani ya mfuko wa nailoni. Jibu lilikuwa limetoka Mzuzu, Malawi. *Ni baba yangu, Zebedayo Mwafulirwa. Kidole gumba cha kushoto kina kovu refu la sindano ya cherehani. Alipaswa kufika kwa dada yake Mbeya tangu Jumapili. Yuko wapi? Yu hai?*

Kisa aliufungua mkono wa mzee. Kovu lilikuwepo, refu, jeupe, limepita juu ya ukucha. Alikuwa ameushika mkono ule wiki nzima.

Mama Tupokigwe alijibu mwenyewe, na neno la kwanza aliloandika lilikuwa *yu hai*. Mengine yote yakafuata baadaye.

Ikupa aliingia wodini Jumatatu saa nne asubuhi, akiwa amevuka daraja la Songwe kwa gari la kwanza. Alikuwa mrefu kama baba yake. Hakulia. Aliweka chombo chake mezani, akakaa kitandani, akamwita kwa jina la utani walilolijua wao wawili, na mzee Zebedayo akatoa sauti, haikuwa neno, lakini ilikuwa na tuni ya neno. Kisa alitoka nje kuwapisha. Alikaa kwenye benchi la korido akiangalia mvua, na akatambua kwamba kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe hakuwa na haraka ya kwenda popote.

Mzee alikaa hospitali wiki tatu zaidi, kisha mwanawe akamchukua. Aliondoka akitembea kwa fimbo, akisema maneno manne, matano. Kabla ya kuvuka mpaka walipitia Mbugani. Ikupa alimshika mama Tupokigwe mikono yote miwili, akamshukuru kwa "ndaga fijo" mara nyingi mpaka mama akaanza kutazama chini kwa haya. Mzee aliinamisha kichwa mbele yake, kwa muda mrefu, namna ambavyo wanaume wa umri wake hawamwinamii mtu ovyo.

Walipokwisha kuondoka mama alirudi kwenye kiti. Alikuwa na kazi iliyobaki. Aliwaandikia wengine wote ambao barua zao hazikurudi, mmoja mmoja, kwamba yule fundi amepatikana na wasihangaike. Ya sanduku lililojaa aliituma tena, ikarudi tena, akaandika tarehe.

"Wa nini huyo, mama?" Kisa aliuliza. "Mambo yamekwisha."

"Yeye hajui kwamba yamekwisha. Siku atakapofungua sanduku atakuta tunamtafuta mtu. Lazima akute na hii."

Kisa alivuta kiti akakaa karibu naye.

"Mama," alisema, "nifungulie na mimi anuani."

Mama Tupokigwe alisukuma miwani juu ya pua, akaweka vidole vyake mezani.

"Taja jina," alisema. "Polepole."